Sato Wanapokufa Bwawani

Bakteria wengi wanaoua samaki wa kufugwa hawana haja ya kuletwa na mtu. Wamo majini tangu mwanzo. Anayejulikana zaidi ni Aeromonas hydrophila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walimchunguza kwa sato wa kufugwa wa Nyanda za Juu Kusini na kaskazini mwa Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Samaki mwenye nguvu huishi naye bila kuugua. Aliyedhoofika ndiye anayevamiwa.

Na viungani mwa Dar es Salaam vya kumdhoofisha havikosekani. Kinondoni na Temeke, wanaofugia sato au kambale uani hutumia vijibwawa vya saruji au vya turubai, na kubadilisha maji ni gharama. Vifaranga hurundikwa, chakula kinachobaki huoza chini, na uchafu wao hutoa amonia inayounguza matamvua. Joto la pwani nalo hupunguza oksijeni majini, na usiku mwani huivuta iliyobaki. Ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya kuliko zote: samaki wakionekana wanahema juu ya maji, hatari imeshafika hata kama hakuna mwenye kidonda.

Aeromonas huleta madoa mekundu, vidonda na tumbo lililojaa maji. Bakteria mwingine, Streptokokasi, hushambulia ubongo. Samaki huzunguka ovyo na macho humtoka. Lakini bwawa zima likifa usiku mmoja bila alama mwilini, aghlabu muuaji ni maji yenyewe.

Kosa la gharama kubwa ni kumwaga bwawani oksitetrasaiklini iliyonunuliwa kwa ajili ya kuku. Dawa hutawanyika majini bila kipimo, maji machafu hubaki machafu, na bakteria wanaosalia huizoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta vinasaba vya usugu wa dawa katika mabwawa ya samaki wanaofugwa pamoja na mifugo mingine, Pakistan na Tanzania.

Mlipuko ukitokea, chakula kisimamishwe, sehemu ya maji ibadilishwe, mizoga izikwe na wavu usihamishiwe bwawa jingine. Anayefaa kuchunguzwa ni samaki aliye mahututi, si aliyeoza: awekwe kwenye barafu bila kugandishwa, na afisa uvuvi wa manispaa aitwe siku hiyohiyo, kabla dawa yoyote haijaingia majini.