Majani ya muhogo yamekuwa ya njano? Usikimbilie mbolea

Shamba la muhogo Kisarawe au Kibaha likianza kuonesha njano, ushauri unaotoka haraka ni huu: tia mbolea. Mara nyingine ni sahihi. Lakini kama tatizo ni virusi, mbolea haitibu kitu. Kabla hujatoa hela, angalia njano imeanzia majani gani na imekaaje.

Njano imesambaa jani zima, kuanzia majani ya chini. Shuku kwanza upungufu wa naitrojeni. Udongo wa kichanga haushiki virutubisho vizuri, na naitrojeni ikipungua mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga. Hapo samadi iliyooza, mboji au urea itasaidia.

Mabaka ya njano na kijani, majani machanga yamejikunja na kuwa madogo. Hiyo ni batobato, ugonjwa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Njano kandokando ya mishipa ya majani ya chini, lakini jani halijajikunja. Hapa ndo pa kuogopa: ni dalili ya michirizi ya kahawia. Juu mmea unaweza kuonekana mzima, kumbe chini muhogo umeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Wengi hugundua siku ya kuvuna, wakati chakula na pesa vimeshapotea.

Magonjwa haya mawili huenezwa na inzi weupe, lakini na sisi pia. Ukikata mbegu kwenye shina linaloumwa ukampa jirani, umempa na virusi. Na hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mmea ulioambukizwa.

Ufanye nini basi? Mimea michanga yenye dalili ing'oe mapema. Penye michirizi, usiuache muhogo ardhini muda mrefu, maana madoa huongezeka kadiri unavyokaa. Halafu chagua mbegu wakati mimea bado ina majani: funga kamba kwenye iliyo mizima, ukate hiyo tu. Shina lisilo na majani linaficha ugonjwa.

Kituo cha utafiti cha TARI Kibaha kinashughulikia muhogo. Waulize kuhusu mbegu safi. Aina kama Kiroba huvumilia michirizi, ila kuvumilia si kutougua kabisa. Hata Kiroba, kagua majani kwanza.