Gari Linalozima Likipata Moto

Asubuhi linawaka kwa mpigo mmoja. Linakwenda vizuri mpaka foleni ya Barabara ya Mandela, kisha linazima. Ukipiga stata injini inazunguka lakini haishiki. Baada ya nusu saa linawaka lenyewe, mwenye gari anamshukuru Mungu na kulikimbiza gereji. Fundi analikuta zima, hana cha kupima, anaanza kubahatisha: plagi mpya leo, koili kesho, pampu wiki ijayo. Pesa zinakwisha na gari linaendelea kuzima.

Ushahidi ulikuwepo ile nusu saa ya kusubiri, wakati gari limegoma.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Mshale wa joto ukiwa umepanda kwenye nyekundu, gari limechemsha. Hilo ni suala la maji, feni, themostati au rejeta, na mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye mshale wake umetulia katikati, injini iko kwenye joto lake la kawaida la nyuzi 90 hivi, na bado inazima.

Injini ya petroli ikizima hivyo, mara nyingi imekosa moto wa plagi au imekosa mafuta. Namna ilivyozima inasema mengi. Ikikata ghafla kana kwamba umegeuza ufunguo, shuku umeme. Ikianza kukohoa, ikaishiwa nguvu kwenye mlima ndipo ikafa, shuku mafuta. Ukishaegesha pembeni na kuweka pembetatu, piga stata huku ukiangalia mshale wa mizunguko. Unapaswa kuinuka kidogo, kama mizunguko 200 kwa dakika. Ukilala sifuri, huenda kompyuta haijui kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto wala mafuta. Dashibodi nyingine mshale wake ni mvivu, lakini mashine ya kupimia itakuonyesha namba yenyewe.

Sifuri hiyo huelekeza kidole kwa sensa ya kranki. Ni kidude kidogo kuliko kidole gumba, kimechomekwa karibu na puli ya mbele au flaiwili, kinasoma meno yanayopita mbele yake. Ndani ya zile za pini mbili kuna sumaku na waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi sana. Shaba ikitoka nyuzi 20 hadi 100, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 30, na hilo peke yake halina madhara. Kinachoua ni ufa ndani ya waya: joto linautanua, waya unaachana, ukipoa, unagusana tena. Ndiyo maana kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa hiyo, gari likiwa limegoma, ni kipimo kizuri kuliko maneno mengi. Likiwaka dakika mbili baadaye, umepata mshukiwa wako. Angalia tu usiloweshe koili na soketi za waya.

Kama mshale unainuka na moto wa plagi upo, geukia pampu ya mafuta. Fungua swichi bila kupiga stata, mwenzako atege sikio kwenye siti ya nyuma. Magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Baadhi ya Toyota pampu yake husubiri stata, basi usiihukumu kwa ukimya. Pampu iliyo ndani ya tangi hupoozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo desturi yetu ya kutembelea taa ya mafuta mwezi mzima inaichosha mapema. Fungua pia mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka baadaye, tangi halipumui.

Rilei nayo isisahaulike. Honda za miaka ya 1980 na 1990 zilijulikana kwa rilei kuu ambayo risasi yake ya kuunganishia hupasuka, gari likakataa kuwaka likiegeshwa juani.

Mashine ikisoma P0335, hiyo ni sakiti ya sensa ya kranki, yaani sensa, waya au soketi. Fundi atikise waya kwanza, aangalie kama oili imeingia kwenye soketi, ndipo umnunulie sensa. Na ukinunua ya mtumba ya pini mbili, mwambie aipime kwa multimita huku akiipuliza kwa drai ya saluni. Zikiwa baridi zote husoma vizuri. Mbovu hujitokeza ikipata moto, pale namba inapopotea kabisa kwenye kioo. Zenye pini tatu mara nyingi ni za aina nyingine, na kipimo hicho hakizifai.