Gari ya telekomandi haina nguvu: tafuta kwanza ubao mufupi wa pipa



Tangu Bonane, mu lupango mingi ya hapa Kakanda kuko gari ya plastiki yenye kulala chini ya kitanda. Siku ya kwanza ilikimbia muzuri ku simenti ya nyumba. Siku ya pili mutoto aliitosha inje, ku udongo, ikapanda mita mbili, ikakwama. Baba akauza mapile mapya, ikatembea kidogo, ikachoka tena. Sasa kila mutu anatoa shauri ileile: "Muweke moteri ya nguvu." Mimi nilisoma kilimo, si elektroniki, lakini hii shauri naijua. Njo dada ya ile tunasikiaka ku shamba: "Muweke mbolea mingi."

Ku kilimo tunafundishwa kanuni moja yenye Mujerumani Carl Sprengel aliandika mwaka 1828, na mwenzake Justus von Liebig akaieneza tangu 1840. Inasema hivi: mavuno haipimwe na chakula chenye kiko mingi mu udongo, inapimwa na kile chenye kinapunguka kuliko vyote. Wanaifananisha na pipa yenye mbao za urefu tofauti. Ata umimine maji namna gani, itamwangika pale ubao uko mufupi. Sehemu kubwa ya udongo wa Katanga iko na asidi, na fosfori yake ni kidogo. Ukimwanga urea mifuko na mifuko bila kuangalia asidi na fosfori, umetupa franga yako.

Gari ya mutoto iko vilevile. Nguvu inatoka ku mapile, inapita ku nyaya, inaingia mu kadi ya elektroniki, inafika ku moteri, inapita ku pinyo, ku magurudumu, halafu ku udongo. Kama ubao mufupi uko ku mapile, moteri kubwa itazidisha shida, juu inakula kuliko ile ndogo. Kwa hiyo, mbele ya kuuza kintu, tupime.

Kupima bila kulipa

Nyanyua gari, magurudumu yasiguse chini, kisha bonyeza telekomandi.

Kama magurudumu yanazunguka polepole ata hewani, mapile imekwisha, ama kuko kutu ku vyuma vyenye kushika mapile, ama kuko uchafu wenye kufunga ekseli.

Kama yanazunguka mbio hewani lakini yanakufa ukiweka gari chini, umeme unapunguka wakati wa kazi, ama pinyo haziendane na uzito wa gari.

Kama moteri inalia lakini magurudumu hayazunguke, pinyo imepasuka ama inateleza ku chuma ya moteri. Hapo ata moteri ya dunia nzima haitasaidia.

Kama magurudumu yanazunguka ku udongo na gari inabakia pale pale, nguvu iko. Kinapunguka ni kushika chini. Kata mupira wa ndani wa kinga ya zamani, ufunge vipande ku magurudumu na kole.

Usafi na uzito

Mu kiangazi vumbi yetu inaingia kila pahali. Fungua vifuniko, tosha nywele na nyuzi zenye zimejizungusha ku ekseli, pangusa pinyo na burosi ya meno. Tia tone moja la mafuta ya sherehani pale ekseli inapita. Usitumie mawese wala mafuta ya kupika: inaganda, inakusanya vumbi, na kisha wiki mbili gari itakuwa muzito kuliko mwanzo. Sugua vyuma vya mapile na papie ya kusugua mpaka ving'ae.

Halafu tosha uzito. Nguvu yenye gari inaomba juu ya kupanda mulima inaenda sawa na uzito wake. Ukipunguza uzito robo, umepunguza ile mahitaji robo, bila kulipa franga ata moja. Bamba za plastiki, mwanasesere mwenye kukaa ndani, vipande vya urembo: vyote vinaweza kubakia ku nyumba.

Mapile: namba yenye inadanganya

Hapa njo ubao mufupi unapatikana mara mingi. Pile ya bei ndogo, ile ya zinki na kaboni, imeandikwa volti 1.5. Ine zinafanya volti 6. Lakini ndani ya kila pile kuko kizuizi, na kinapanda vile pile inachoka. Tuseme ni nusu omu kwa kila moja: ine zinafanya omu 2. Gari ikipanda na moteri ikivuta ampea 1, volti 2 zinapotea ndani ya mapile yenyewe, zinageuka joto. Ku moteri zinafika volti 4 tu. Gusa mapile kisha mchezo mrefu, utasikia ile joto. Ni franga yako yenye kuungua.

Sasa chukua pile za kusharji, za aina ya NiMH. Zimeandikwa volti 1.2, ine zinafanya 4.8. Mutu anaangalia namba, anazikataa. Lakini kizuizi chake ni kidogo sana. Tuseme ni omu 0.04 kwa kila moja: ku ampea 1 zinapoteza volti 0.16 tu, na moteri inapokea zaidi ya 4.6. Zenye kuandikwa 4.8 zimeshinda zenye kuandikwa 6! Na zinasharjiwa mara mamia. Mwenye multimeta aweke ncha zake ku vyuma vya mapile wakati mutoto anabonyeza na gari inapanda. Tofauti itaonekana kwa macho.

Litiamu: hapa tuangalie sana

Vijana wengi wanatosha betri mu laptopu za kufa na kuzifunga ku gari. Sisi wa Kakanda tunapaswa kuzijua hizo betri, juu ni mutoto wa udongo wetu. Mu betri ya litiamu na kobalti ya aina yenye Sony ilianza kuuza mwaka 1991, ule unga wa upande wa chanya unabeba kobalti karibu 60 kwa mia ya uzito wake. Nguvu yake ni mingi kabisa, na hatari yake vilevile.

Selula moja ni volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Haifai kupita pale, na haifai kushuka chini ya 2.5. Mbili zikifuatana zinafanya 8.4 ku kadi yenye ilitengenezwa kwa 6. Na kuko selula ndogo za litiamu, namba 14500, zenye urefu na unene wa pile ya kawaida. Mutu akiziweka ine, anatuma volti karibu 17. Kadi inakufa saa ileile. Mubaya zaidi: selula yenye ilitobolewa, yenye ilivimba, ama yenye inasharjiwa na sharjeri isiyo yake, inaweza kushika moto mu chumba chenye watoto wanalala. Isiyo na kadi ya ulinzi na sharjeri yake, isiingie mu nyumba.

Njia ya kati iko: selula za litiamu-chuma-fosfati, zenye taa mingi za sola zinatumia. Moja ni volti 3.2; mbili zinafanya 6.4, karibu sawa na mapile ine. Zinatulia ku moto kuliko zile za kobalti, lakini nazo zinaomba sharjeri yao na ulinzi. Na ndani yake hamuna kobalti ata kidogo. Hiyo habari tuiweke mu kichwa siku tunazungumzia kesho ya muji wetu.

Pinyo na moteri

Kama yote haya yamefanyika na gari inakwama bado, angalia pinyo. Pinyo ya moteri yenye meno 10 ikizungusha ile ya meno 40, moteri inazunguka mara 4 kwa gurudumu mara moja. Weka ya meno 8 yenye kupatana nayo, inakuwa mara 5: mbio inapunguka, lakini nguvu ya kupanda inaongezeka robo. Ku barabara yetu, mimi nachagua kupanda.

Moteri inakuja ya mwisho. Ile ndogo ya namba 130, yenye upana wa milimita 20 hivi, ikizuiliwa kabisa inaweza kuvuta ampea 2. Kubwa ya namba 380 inaweza kupita 10. Sasa fungua kadi: transista zake mara mingi zimeandikwa 8050 na 8550, na zinavumilia ampea 0.5 mpaka 1.5 kufuatana na aina. Ukifunga 380 pale, utasikia harufu mbele ya kuona mbio. Moteri kubwa inadai kadi ingine, nyaya za unene, pinyo za nguvu. Hesabu yote pamoja: ikifika bei ya gari ingine yenye vipande vyake vinauzwa kimoja kimoja, uza ile.

Kanuni ya kidole inatosha kwa kila siku: gusa moteri kisha mchezo. Ukishindwa kuhesabu mpaka tano bila kutosha kidole, simamisha, ipoe, urudi ku vipimo vya mwanzo.

Na ile kazi ya kupima, mupatie mutoto mwenyewe aifanye. Akiisha kuona namba ya multimeta inashuka kutoka 6 mpaka 4 mbele ya macho yake, hataomba tena moteri kubwa. Ataomba mapile ya kusharji, na hiyo mutaisharji siku umeme iko.