Je, Wajua? Umeme Huirudishia Sarafu Fedha Yake

Je, wajua kwamba weusi wa sarafu ya fedha iliyofukuliwa bado una fedha ndani yake? Ni fedha iliyoshikana na salfa ya udongoni. Pitisha umeme, salfa inaachia, fedha inarudi kuwa fedha!

Utashangaa: volti 5 tu za chaja ya simu zinatosha! Sarafu hufungwa upande hasi, kipande cha chuma upande chanya, vyote ndani ya maji ya magadi bila kugusana.

Unaviona viputo kwenye sarafu? Hiyo ni haidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na moto. Fungua madirisha, jiko likae mbali!

Chumvi ya mezani usithubutu! Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi huzaa klorini, gesi ileile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Na magadi je? Ziwa Magadi la Kenya limeyatoa kwa zaidi ya miaka 100, na bado yapo tele!

Hii nayo wajua? Betri ya Alessandro Volta wa Italia, ya mwaka 1800, ilipangwa kwa visahani vya zinki na vya fedha. Fedha ilitoa umeme kabla umeme haujaisafisha!

Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ilikuwa na fedha 25% tu. Shaba ilikuwa nyingi kuliko fedha, ndiyo maana ukiifukua huikuta na ukijani.

Safisha riale ya Malkia Maria Theresa, ile iliyotumika Zanzibar na Oman, kisha soma mwaka: 1780! Malkia alifariki mwaka huo, lakini sarafu ziliendelea kupigwa hadi karne ya 20, zote zikiandikwa 1780.

Je, wajua Pemba ina hazina yake? Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye umri wa miaka 900 na ushei. Ni ndogo ajabu, na maandishi ya pande zake mbili yana vina!

Lakini sikia hili: sarafu adimu ikisuguliwa ikang'aa, bei yake hushuka! Jaribu umeme kwenye sarafu ya kawaida. Ukiokota ya kale, usiiguse kwa waya wala magadi. Ipeleke makumbusho ikiwa na udongo wake.