Meli Zilizopita Begani: Rekodi Tisa za Njia ya Tabora na Ziwa Tanganyika

Ukisimama kituo cha reli Tabora usiku, ukisubiri treni ya Kigoma, umesimama kwenye njia iliyopitishiwa meli na mizinga. Kwa reli, bahari imebaki zaidi ya kilomita 800 mashariki, ziwa liko kama kilomita 400 mbele, na katikati ni miombo mitupu. Kila chombo cha kivita kilichoelea Ziwa Tanganyika kililazimika kwanza kuwa mzigo wa nchi kavu. Kabla ya reli, kipimo cha mzigo kilikuwa mpagazi wa Kinyamwezi: frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, pamoja na mkeka wake na chakula chake. Rekodi hizi tisa zinapaswa kusomwa kwa kipimo hicho.

1. Boti iliyosafiri mbali zaidi begani

Wapelelezi Burton na Speke, waliofika Tabora Novemba 1857 ilipokuwa bado ikiitwa Kaze, walikuwa na boti ya chuma. Waliiacha nyuma kwa kukosa wapagazi, na huko Ujiji, ziwani, wakategemea vyombo vya kuazima. Mpelelezi Stanley alijifunza. Mwaka 1874 alikuja na Lady Alice, boti ya mbao ya mita 12 iliyoundwa Uingereza kwa vipande. Walipoipima Unguja vipande vilikuwa vizito mno, ikabidi vikatwe tena ndipo mabega yavikubali. Msafara ulitoka Bagamoyo Novemba mwaka huo, ukafuata njia ya kale hadi Ugogo, kisha ukakata kaskazini. Boti hiyo ikazunguka Ziwa Viktoria, ikazunguka Tanganyika mwaka 1876, ikateremka Mto Kongo, na kuachwa juu ya miamba mwaka 1877, karibu na upande wa pili wa Afrika. Waliozeeka nayo ni wapagazi, maana kila palipoisha maji palianza mabega.

2. Meli iliyofungwa kwenye masanduku mengi zaidi

Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, Papenburg, Ujerumani. Ikaundwa, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikagusa maji Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Bila reli hiyo meli ya mita 71 isingefika. Kigoma mafundi waliipiga ribiti upya, bati kwa bati, hadi ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Hakukuwa na chombo kilichoifikia kwa ukubwa katika ziwa zima.

3. Mzinga mzito kuliko yote ziwani

Mashua hukatwa vipande vya begani, lakini mtutu wa mzinga haukatwi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mabaharia wake waliopoa mizinga yote kumi, na karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magurudumu. Mmoja ulipanda treni, ukapita Tabora, ukafungwa kwenye sitaha ya Götzen. Kipenyo chake kilikuwa milimita 105, mtutu mrefu wa mita 4.2 wenye uzito wa karibu tani moja na nusu, na kila kombora lilikuwa na kilo 17 hivi. Meli iliongezewa mzinga wa milimita 88 na midogo miwili ya milimita 37. Chombo cha abiria na shehena kikageuka manowari, chini ya Gustav Zimmer na mabaharia wa Möwe, meli nyingine iliyozamishwa pwani na wenyewe.

4. Mzinga mkubwa kupita kiasi cha chombo

Waingereza walijibu kwa boti mbili za injini za mita 12, Mimi na Toutou, miili yake mbao za mahogani. Kila moja ilifungwa mzinga mmoja omo na bombomu nyuma. Mzinga ulikuwa wa makombora ya ratili tatu tu, lakini kwa boti nyepesi namna ile ulizidi. Kwenye majaribio mtoni Thames kombora lilipiga shabaha barabara, ila mzinga na mpigaji wake wakarushwa majini pamoja, kwa sababu kitako hakikukazwa vema kwenye sitaha. Hilo ni somo la kwanza la kila anayetia silaha chombo: mshindo wa nyuma una nguvu sawa na wa mbele. Baadaye ziwani mpigaji alipiga magoti nyuma ya mzinga wake, na salama yake ilikuwa kufyatua mbele tu.

5. Safari ngumu zaidi ya kuifikia vita

Boti hizo hazikupita Tabora, kwa kuwa njia ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Zilipelekwa Cape Town kwa meli mwezi Juni 1915, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikaburutwa porini zaidi ya kilomita 200 na kuvushwa milima ya Mitumba, kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na kamba. Ilibidi yajengwe madaraja zaidi ya mia moja. Kiangazi kilikausha vijito, na trekta la mvuke bila maji ni chuma kilicholala. Hapo wakaitwa wanawake wa vijiji, wakaja na vyungu kichwani na kuzinywesha mashine. Vitabu vingi vinamtukuza kamanda, Geoffrey Spicer-Simson. Mimi nataka tuwakumbuke pia hao akina mama, ambao majina yao hayakuandikwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na historia imeubeba mzigo wao kwa wepesi huohuo.

6. Pambano fupi lililobadilisha ziwa

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zilitoka bandarini kuifuata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Mzinga wa Kingani ulitazama mbele tu, hivyo meli ikifuatwa kwa nyuma haina jibu. Dakika 11 zilitosha. Kamanda wake aliuawa, bendera ikashushwa, meli ikaburutwa pwani, ikazibwa, ikapewa jina Fifi. Inatajwa kuwa meli ya kwanza ya kivita ya Kijerumani kutekwa na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita ile. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi, sasa ikiwa na mzinga mzito zaidi, iliifukuza Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani. Kila ilipofyatua, mshindo uliirudisha nyuma, na adui akapata nafasi ya kutanguliza hatua. Makombora yalikaribia kwisha ndipo moja likapata, na Hedwig ikazama.

7. Silaha ya bei nafuu kuliko zote

Götzen ilibaki peke yake, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Kufikia katikati ya mwaka 1916 jeshi la nchi kavu liliutaka mzinga ule wa milimita 105, ukang'olewa. Mahali pake seremala akaweka mzinga wa mbao. Wabelgiji walileta ndege za majini kupiga mabomu Kigoma mwezi Juni bila kujua kwamba meli haikuwa tena na meno. Mwezi huohuo, kusini mwa ziwa, Spicer-Simson alisita mbele ya ngome ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, kwa kuiogopa mizinga yake. Ilipochukuliwa, mizinga hiyo nayo ilikutwa ya mbao. Gogo lililochongwa vizuri lilifanya kazi ya tani nzima ya chuma, na halikuhitaji hata kombora moja.

8. Karakana iliyofinyanga vita kuwa fedha

Pwani ikiwa imefungwa, sarafu zilikwisha. Tabora ikawa mahali pa kupigia fedha za koloni la Wajerumani. Mwaka 1916 zilipigwa hapo sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye tembo upande mmoja. Sarafu ndogo za heller zilipigwa kwa shaba, pamoja na maganda ya makombora yaliyokwisha kufyatuliwa, na kutiwa herufi T ya Tabora. Mtu alinunua chumvi sokoni kwa kipande cha ganda lililokwisha kuua. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji chini ya Charles Tombeur yaliingia mjini baada ya mapigano ya siku kadhaa, na kazi hiyo ikakoma.

9. Meli iliyozama na kurudi mara nyingi zaidi

Tarehe 26 Julai 1916, Kigoma ikikaribia kuanguka, mafundi waliotoka nayo Papenburg waliizamisha Götzen kwa mikono yao. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kama mtu anayefunga nyumba akijua atarudi. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta grisi imetunza injini, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000 kwa safari 22. Mwaka 2015 ilipakia Warundi kutoka Kagunga, mamia kwa kila safari. Hiyo ndiyo shehena kubwa kuliko zote zilizowahi kupanda sitaha ile, na haikuhitaji mzinga.

Kwa anayetaka kuijenga mwenyewe

Nchi za nje wapo wapenzi wa meli za mfano zinazoongozwa kwa redio na kupigana kweli: mwili wa mbao laini nyembamba, mizinga inayosukuma vigololi vya chuma kwa gesi iliyobanwa, na pampu ya kutoa maji matundu yakizidi. Fundi wa Tabora anaweza kuijenga Götzen kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Itakuwa na urefu wa mita 1.4 hivi. Uzito wa tani 1,575 ukigawanywa kwa hamsini mara tatu hubaki kilo 12.6, hesabu ambayo betri, pampu, gesi na mizinga vyote lazima viingie ndani yake. Mtutu wa omo utakuwa sentimita 8.4, mfupi kuliko kalamu. Weka betri chini kabisa, karibu na mkuku, kwa kuwa chuma kikikaa juu sitahani meli hulala ubavu kabla ya adui kufika. Kaza kitako cha mzinga, ukikumbuka Thames.

Ukimaliza, usiiweke mezani peke yake. Chonga mtu wa sentimita 3.4, umtwike mzigo wake begani, umweke mbele ya omo. Kisha chonga mwanamke mwenye chungu kichwani, umweke pembeni yake. Kwa kipimo hichohicho cha moja kwa hamsini utaona kwa hao wawili jinsi meli ilivyokuwa kubwa, na ni akina nani waliosaidia kuvifikisha majini vyombo vya ziwa hili.