Everest: Hesabu Vitanda, Si Kilomita

Anayetaka kutembea hadi kambi iliyo chini ya Mlima Everest, upande wa Nepal, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Jibu halitamsaidia sana. Ratiba ya njia ile hupangwa kwa mwinuko wa mahali utakapolala kila siku.

Ndege ndogo kutoka bondeni hutua Lukla, kwenye mita 2,860 hivi. Kambi iko mita 5,364. Miguu yenye nguvu ingeweza kumaliza njia hiyo kwa siku chache, ila mwili usingekubali. Huko juu, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa pwani. Mwili hujibu kwa kuhema zaidi. Kuhema huko kunatoa kaboni dioksidi nyingi, asidi ya damu inapungua, na ubongo unaanza kuizuia pumzi. Figo ndizo zinazosawazisha mambo, kwa kutoa baikaboneti kwenye mkojo, nazo huhitaji siku kadhaa. Ukilala, pumzi hupungua na oksijeni ya damu hushuka zaidi. Ndiyo maana mchana unaweza kupanda juu kidogo kisha ukashuka kulala, na ukafaidika.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Kwa hiyo watu hulala Namche Bazaar (3,440) mara mbili, kisha Tengboche (3,860), Dingboche (4,410) mara mbili, Lobuche (4,940) na Gorak Shep (5,164). Hatua mbili hapo huzidi kipimo kidogo, hivyo atakayekuuzia safari isiyo na siku ya pili Dingboche, mkatalie.

Aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, asijidanganye. Mwili husahau mwinuko ndani ya majuma machache, na Kilimanjaro hukupandisha kileleni na kukushusha siku hiyohiyo. Kwenye njia ya Everest utalala juu usiku baada ya usiku.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Hata hivyo ukungu huzuia ndege za Lukla wakati wowote, kwa hiyo acha siku mbili au tatu za akiba kabla ya tiketi ya kurudi nyumbani. Bima isome neno kwa neno: itaje helikopta, na mwinuko unaozidi ule utakaoufikia. Dawa ya asetazolamidi, inayozisaidia figo, izungumzie na daktari kabla ya kuondoka.

Pheriche, karibu na Dingboche, kuna kliniki iliyoanza mwaka 1973, ambako madaktari huhudumu misimu ya watalii. Usisubiri kufika huko ukiwa mahututi. Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, usipande. Mwenzako akiyumba kama mlevi, au akihema ilhali amekaa, ubongo au mapafu yake yanajaa maji: ashushwe mara moja, asindikizwe, hata kama ni usiku wa manane. Na anayeumwa akiwa mpagazi wenu, ashushwe vivyo hivyo, kwa gharama yenu.