Dawa imfuate asiye na nyumba

Mwezi huu tunaongea juu ya wenzetu wanaolala nje.

Wengi wetu tumepita Sonatubes, pale Kicukiro, ambapo barabara ya uwanja wa ndege inakutana na ile ya kwenda Nyamata. Jina limetoka kwa kiwanda cha mabomba. Mtu asiye na pa kulala katika mji kama Kigali anaugua kama sisi: palu, kikohozi, kuhara, vidonda. Lakini yeye ana shida moja zaidi. Akiulizwa anakaa wapi, atajibu nini?

Tuelewane. Nchini Rwanda mituweli inaandikwa kwa kaya. Ilijaribiwa mwaka 1999, ikaenea nchi nzima miaka iliyofuata, na tangu 2015 inasimamiwa na RSSB. Ni bima nzuri, imeokoa wengi. Ila anayelala barazani kwa watu si rahisi jina lake lipatikane kwenye orodha ya kaya yoyote. Sisi wakimbizi jambo hili tunalijua. Wenzetu wanaoishi mijini walifunguliwa mlango wa mituweli mwaka 2019, kwa makubaliano ya serikali na HCR.

Ndiyo maana inatakiwa huduma imfuate mgonjwa alipo. Rwanda kazi hii inafanywa kwa miguu, na abajyanama b'ubuzima. Wanachaguliwa na wanakijiji wenyewe. Wanapima malaria kwa tone la damu, wanatoa dawa hapo hapo, wanapima mkono wa mtoto kwa utepe kuona kama ana utapiamlo. Kenya walitumia magari: mwaka 2014 Mama Margaret Kenyatta alianzisha Beyond Zero, kliniki za magari kwa kaunti 47.

Tusisahau pia Kagunga, Mei 2015. Maelfu ya Warundi walikwama kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, mahali pasipo barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30. Waganga hawakungoja wagonjwa wawafikie. Walikwenda kwa majini, wakatibu pale pale, na meli ya Liemba ikasaidia kuwahamishia watu Kigoma.

Sasa, sisi tufanye nini? Kama una ndugu mjini asiye na pa kukaa, mwambie haya:

– Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, aende kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu ni za bure. Ndizo za miezi 6, asiziache katikati hata akijisikia mzima.

– Akiharisha, achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo. Akizidiwa, akimbilie kituo.

– Akiwa hoi, mtu yeyote anaweza kupiga 912, gari la wagonjwa la SAMU.

– Karatasi zake za ukimbizi azifunge kwenye nailoni, mvua isizile. Bila hizo hata mituweli inakuwa ngumu.

Na wewe ukimkuta mtu amelala chini anatetemeka, usimpite ukisema ni mlevi. Huenda ni homa. Muulize jina lake, halafu umtafutie mujyanama wa mtaa ule. Mtu hupoteza nyumba siku moja tu. Sisi sote hapa tunajua.

Tuonane mwezi ujao.